Tulichoweka Ndani ya Kikasha

Mama mwenzangu, umewahi kumwandalia zawadi mtu usiyemjua, ambaye pengine hutamwona maishani mwako? Mimi nimewahi. Kazi hiyo ilinichukua siku nne na kunigharimu shilingi 14,000. Pia ilinifunulia jambo la ukoo wa mume wangu ambalo katika miaka 17 ya ndoa yetu hakuna aliyewahi kunisimulia.

Ilikuwa mwisho wa Julai 2023. Waliowahi kufika Sumbawanga wanajua baridi ya mwezi huo. Mji wetu uko juu ya uwanda wa Ufipa, na jua likizama kila mtu hutafuta koti na kusogelea jiko. Wifi yangu anayeishi Uingereza alikuja likizo pamoja na mwanawe wa miaka 13. Kijana huyo Kiswahili anakisikia, lakini anapojibu hujibu kwa neno moja moja. Watoto wangu watatu walimwonea haya, naye akawaonea haya. Siku nne za kwanza alikaa barazani na simu yake, na wenzake walicheza uani kama vile hayupo. Wifi yangu aliumia. Alikuwa amekusanya nauli kwa miaka mitatu ili mtoto wake awajue ndugu zake.

Siku ya tano kijana akaja jikoni na kuuliza kama karibu na kwetu kuna kikasha kilichofichwa. Nilidhani amekosea maneno. Kumbe alikuwa na maana yake.

MCHEZO WENYEWE

Yeye na mama yake kule Uingereza hucheza mchezo unaoitwa jiokashi. Mtu huficha kikasha mahali fulani, ndani yake akaweka daftari dogo na vitu vidogo vidogo. Kisha huandika katika intaneti namba zinazoonyesha mahali hapo duniani, na mwingine akiwa na simu inayosoma setilaiti hufuata namba hizo mpaka akakiona. Akikipata huandika jina lake katika daftari. Akipenda kuchukua kitu kimoja, sharti aache kingine chenye thamani ile ile au zaidi. Kisha hukirudisha kikasha palepale alipokikuta, kwa ajili ya mwingine.

Mchezo huo ulianza Marekani. Mapema mwezi wa Mei 2000 serikali ya nchi hiyo iliacha kuzivuruga kwa makusudi ishara za setilaiti walizotumia raia, na vyombo vya kuonyesha mahali vikawa sahihi zaidi. Tarehe 3 ya mwezi huo bwana mmoja aitwaye Dave Ulmer akaficha ndoo katika msitu wa jimbo la Oregon, akatangaza namba zake. Ndani aliweka vitabu, kanda za video, manati na hata kopo la maharage! Leo vikasha vya namna hiyo ni zaidi ya milioni tatu duniani kote.

Kijana alikuwa ametazama katika simu yake na kuona kwamba karibu nasi hakuna. Alitaka kuacha kimoja kabla ya kurudi. Mama yake akamwambia kwamba kuna shida moja: kanuni za mchezo zinataka awepo mtu wa karibu wa kukitunza kikasha, abadilishe daftari likijaa na aondoe takataka. Msafiri hawezi kukificha kisha akapanda ndege. Hapo binti yangu wa kwanza, ambaye kwa siku nne hakuwa amesema na binamu yake zaidi ya salamu, akasema, "Mimi nitakitunza." Basi wakaanza kuzungumza. Nilimtazama wifi yangu, naye akageukia sufuria ili nisione machozi yake.

Kwa hiyo, akina mama, msidhani ninawasimulia mchezo tu. Kikasha kile kilikuwa uzi wa kuwafunga watoto wa ndugu wawili, na mimi sikutaka uzi huo ukatike.

VITU TULIVYOKUSANYA

Mimi ni fundi cherehani, na mezani kwangu hakikosi kitu kidogo. Jioni ile nilimwaga juu ya mkeka kopo langu la masalio: vifungo visivyo na wenzake, zipu zilizoharibika, vipande vya kitenge, sindano za cherehani zilizopinda, shanga zilizotoka katika gauni la harusi. Watoto nao wakaleta vyao: kalamu zilizokauka wino, gari lisilo na magurudumu, mwanasesere wa mkono mmoja. Nikaona kazi imekwisha. Kikasha kitajaa na nyumba itapungua uchafu!

Kijana alivitazama kwa muda. Kisha akasema polepole, kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno, "Mtu atatembea mbali. Atafungua. Ataona takataka."

Niliona aibu. Alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimetafuta vitu ambavyo mimi sivitaki, badala ya kutafuta vitu ambavyo mwingine angefurahi kuvikuta. Tukaanza upya, na safari hii kila mtoto alitakiwa kujibu swali moja kabla ya kuweka kitu: "Wewe ungekikuta, ungekichukua?"

Mambo mengine yalikatazwa na kanuni zenyewe za mchezo, na nilipoelezwa sababu zake nikaona ni za busara. Chakula hakiruhusiwi, hata pipi, kwa sababu mdudu au mnyama akisikia harufu atakivunja kikasha. Visu, viberiti, fataki, pombe na dawa pia havitakiwi, maana huwezi kujua ni mtoto wa miaka mingapi atakayefungua. Daftari sharti liwekwe katika mfuko wa nailoni, na penseli ni bora kuliko kalamu ya wino, kwa kuwa haikauki wala haimwagiki.

Mengine tuliyafikiri wenyewe. Kitinda mimba wangu alileta rozari yake ya Komunyo ya Kwanza, akitaka kutoa kilicho bora kuliko vyote. Nilimsifu kwa moyo wake, lakini nikamweleza kwamba kitu tunachosali nacho hakiwekwi mahali pa kubadilishana na gololi. Alielewa, akaleta gololi tatu.

Kesho yake tulikwenda sokoni na dukani. Tulinunua penseli sita, vichongeo viwili, vibanio vya nywele, rula fupi na daftari dogo. Vipande vya kitenge nilivishona vifuko vinane vya kutosha kiganja, na nilivishona vizuri kama ninavyoshona nguo ya mteja. Kijana aliweka kadi tatu zenye picha za mji wake na stempu za Uingereza. Mtoto wangu wa kati alitengeneza gari dogo la waya, safari hii lenye magurudumu manne.

BIBI AKATUSIMAMISHA

Siku ya tatu mama mkwe wangu alifika kutoka kijijini, upande wa Matai, kuja kumwona mjukuu wake. Watoto walimwonyesha kila kitu kwa furaha. Alivishika kimoja kimoja, akanyamaza. Kisha akauliza, "Na hiki mtakificha wapi?"

Tukamwambia tumefikiria chini ya jiwe kando ya njia, karibu na shamba lake, kwa kuwa ndiyo njia ya wageni wanaokwenda kuona maporomoko ya Kalambo. Msitu wa Mbizi tuliuacha kwa sababu ni hifadhi na hauingiwi bila kibali.

"Mtaficha kopo chini ya jiwe," alisema, "lenye nyuzi na shanga na vitambaa vimefungwa. Katika Ufipa."

Hapo mimi na baba watoto tukatazamana. Mji wetu wenyewe unaitwa Sumbawanga, jina ambalo wazee hulieleza kuwa maana yake ni "tupa uchawi". Hata wazee waliofua chuma katika yale matanuru marefu ya udongo waliweka dawa ndani yake ili kazi ifanikiwe. Ipo pia Sheria ya Uchawi ya tangu mwaka 1928, ambayo inamtia hatiani hata mtu anayekutwa na vifaa vya uchawi. Kitu kilichofichwa ardhini kwetu si kitu cha mchezo. Sisi wa mjini tulikuwa tumesahau.

Ndipo mama akatusimulia. Alikuwa na umri wa miaka saba hivi, na mama yake alikuwa mjane. Mwezi mmoja mtoto wa jirani aliugua ghafla akafa. Siku chache baadaye mtu aliyekuwa akipita mpakani mwa shamba akaona kibuyu kidogo katika ufa wa jiwe, kimezibwa kwa kitambaa. Ndani yake mlikuwa na mbegu za maboga na shanga tatu. Watu wakakusanyika. Mjane akasema ni chake, na maneno hayo yakawa ushahidi. Usiku huohuo alimbeba mdogo wake mgongoni, akamshika yeye mkono, wakatoka kijijini. Hawakurudi tena.

"Mama yangu hakuwa mchawi," alisema mama mkwe. "Panya walikuwa wamemaliza mbegu zetu za mwaka uliotangulia. Shanga aliziweka ili mtoto wake akikikuta ajue ni cha nyumbani. Hakuna aliyemwuliza."

Nyumba ilikuwa kimya. Hata mume wangu hakuwahi kuisikia habari ile. Mimi nilitazama vifuko vyangu vinane nilivyovishona kwa majivuno, na nikaviona kama angeviona mtu aliyefiwa na mtoto.

Watoto walidhani mchezo umekufa. Wifi yangu alikuwa ameanza kumwambia mwanawe aviache vitu vyote. Lakini bibi akasema, "Sikusema msiweke. Nimesema mchague upya."

KUCHAGUA KWA JICHO LA ANAYEFUNGUA

Basi tukachagua mara ya tatu, naye bibi akiwa mwamuzi wetu. Shanga zikatoka. Uzi na sindano zikatoka. Vifuko vya kitenge chekundu na cheusi vikatoka, vikabaki vinne vya maua ya njano na buluu, navyo tuliviacha midomo wazi, bila kufungwa. Kioo kidogo alichokuwa amenunua binti yangu kikatoka, kwa kuwa waganga hutazamia katika vioo. Sarafu zikatoka, maana wengi kwetu wameonywa tangu utotoni wasiguse fedha iliyowekwa njiani. Manyoya ya kanga, mazuri kweli, yakatoka. Zikabaki penseli, vichongeo, vibanio, rula, gololi, kadi, stempu na gari la waya: vitu ambavyo mtoto yeyote wa shule akiviona atajua mara moja ni vya nini.

Kikasha chenyewe kilikuwa bati la biskuti lenye rangi nyeusi. Bibi akalikataa. Tukanunua kingine cha plastiki kinachopitisha mwanga, chenye mfuniko wa kubana kwa vishikizo na mpira wa kuzuia maji, ili mpitanjia aone kilichomo kabla ya kukigusa. Mvua zetu huanza Novemba na hudumu mpaka Aprili, kwa hiyo mfuniko huo ulifaa pia kwa daftari.

Binti yangu alikuwa ameandika karatasi ya kubandika juu: "Hiki si uchawi." Bibi alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Mtu anayekana kabla ya kuulizwa," alisema, "ndiye anayetiliwa shaka." Tukaandika badala yake: "Kikasha cha mchezo wa watoto. Kimewekwa kwa ruhusa ya kijiji. Fungua, andika jina lako, chukua kimoja, weka kimoja." Tukaandika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na chini yake namba ya simu ya mume wangu.

Jambo la mwisho lilimwudhi kijana. Katika mchezo wao, kikasha huwekwa bila watu wa jirani kujua. Ndio utamu wake. Bibi alitaka kinyume chake: kifunguliwe mbele ya watu kwanza. Kijana akasema mchezo utaharibika. Mama yake hakumgombeza. Alimketisha, akamweleza tena habari ya kibuyu, safari hii kwa Kiingereza, asije akawa hakuielewa vizuri. Kijana akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaenda akaketi karibu na bibi yake.

Jumamosi tulikwenda kijijini. Mume wangu alimwona mwenyekiti wa kijiji mapema, naye akawaita majirani. Kijana mwenyewe ndiye aliyefungua kikasha juu ya mkeka na kutaja kila kitu kwa Kiswahili: "Hii penseli. Hii gololi. Hii picha ya nyumbani kwetu." Watu walicheka alipokosea, lakini kwa upendo. Mzee mmoja akauliza nani hasa atakayefaidi. Binti yangu akajibu, "Atakayekuja, na atakayemfuata." Mwenyekiti akaridhika. Tukakiweka chini ya jiwe katika shamba la bibi, mahali panapoonekana kutoka njiani, si njia panda wala mpakani. Hatukuchimba, kwa maana hata kanuni za mchezo zinakataza kufukia. Kijana akasoma namba katika simu yake, karibu nyuzi 8 kusini mwa Ikweta, akazituma kwa wale wakaguzi wa kujitolea wanaopitisha vikasha vipya. Baada ya siku chache walikikubali.

YALIYOFUATA

Tulikwenda kukitazama Januari 2024, likizo ya shule ikiwa inakwisha. Katika daftari kulikuwa na majina kumi na moja. Mawili ni ya wasafiri wa kigeni waliokuwa wakielekea Kalambo. Tisa ni ya watoto wa kijiji, yameandikwa kwa herufi kubwa za darasa la pili na la tatu. Penseli zote zilikuwa zimechukuliwa, na sikushangaa. Mahali pake palikuwa na ng'ombe wa udongo aliyekaushwa vizuri, mwanasesere wa gunzi la mahindi aliyevishwa kipande cha gazeti, na kifutio kipya kabisa. Hakuna aliyechukua bila kuacha. Kadi za Uingereza zilikuwa zimebaki mbili. Binti yangu alimpigia binamu yake simu palepale, wakasomeana majina. Mpaka leo huzungumza karibu kila Jumapili, naye kijana sasa anajibu kwa sentensi nzima.

Lakini mimi nilibaki na jambo langu. Usiku ule bibi alipotusimulia habari ya kibuyu, nilikumbuka vifurushi ambavyo nimekuwa nikimpelekea kijijini kwa miaka 17. Nilikuwa nikijisifu kwamba sendi mikono mitupu. Lakini nilipeleka nini? Magauni niliyochoka kuyavaa. Sufuria iliyopinda. Viatu vya baba watoto vilivyokwisha kisigino. Ni lile lile kopo la masalio, ila kubwa zaidi. Naye kila mara alipokea kwa mikono miwili, akashukuru.

Akina mama, sisi ndio wafungashaji wa nyumba zetu. Tunafunga chakula cha mtoto wa shule, begi la mume anayesafiri, kifurushi cha wakwe, mchango wa jumuiya kwa wenye shida. Mara nyingi tunafunga kwa jicho letu: nini kimebaki, nini kimenisumbua ndani. Yafaa tufunge kwa jicho la atakayefungua. Ataona nini kwanza? Kitamfurahisha, kitamwaibisha, au kitamtia hofu? Pengine ana kidonda ambacho sisi hatukijui. Na kama hatujui, tumwulize. Kibuyu cha yule mjane kilikosa jambo moja tu, nalo ni mtu wa kuuliza.

Nilimwuliza mama mkwe wangu. Tulikuwa tumekaa wawili jikoni kwake, tunapepeta maharage. Nilisema, "Mama, safari ijayo nikuletee nini?" Alidhani ninatania. Nilipomwuliza tena akafikiri kidogo, akaonyesha kwa kidevu upande wa shambani kulikokuwa na kikasha cha watoto.

"Kama kile," alisema. "Chenye mfuniko wa kubana. Panya wananimalizia mbegu za maboga."

Nilimnunulia vitatu.